Ronald Si Mkwe wa Mtu

Mama yangu anaitwa Teopista, na kazi yake ni mayai. Ameifanya miaka kumi na tisa hapa Busia, upande wa Uganda. Mayai yanakuja na magari kutoka huko ndani, yeye anayapokea, anayapima kwenye mwanga wa simu kujua lipi zima lipi viza, anayapanga kwenye trei na kufunga maboksi kwa kamba, halafu wenye baiskeli za magurudumu matatu wanayavusha kwenda Kenya. Mikono yake ni miepesi mpaka inachekesha. Anashika mayai matatu mkono huu na matatu mkono ule, anayaweka yote mara moja, na hata ukiwa karibu husikii kitu. Nikiwa mdogo na homa, nilikuwa sijui kama amenigusa yeye au ni pazia.

Nataka kueleza vile alienda kozi ya huduma ya kwanza, kwa sababu watu wa soko wanaieleza vibaya, wanacheka kabla hawajafika katikati. Mimi nilikuwepo siku zote tatu, na mtoto wangu Aanyu mgongoni.

Ilianza na Odwori. Huyu alikuwa mpakiaji wa magunia, mtu mkubwa, mpole. Mwaka juzi, siku ya jua kali, alitua gunia la mahindi mbele ya kibanda cha mama, akasema, "Mama Juliet, nipe maji," na kabla maji hayajafika akaanguka. Watu wakajaa. Mmoja akammwagia ndoo nzima usoni. Mwingine akamvuta miguu kama anamnyoosha. Mwingine alitaka kitunguu cha kumnusisha. Mama alichukua mwavuli wake mkubwa wa kazi akamsimamia, ili jua lisimchome. Alisimama hivyo mpaka gari likapatikana, na gari lilipopatikana Odwori alikuwa ameshakwenda.

Tangu siku hiyo mama anaweza kuwa anaosha vyombo, hatuzungumzi lolote, na ghafla anasema, "Nilimshikia mwavuli, Juliet."

Basi siku Mable, mwenyekiti wa laini yetu, yaani safu ya wauza mayai, alipotuita na kusema kuna kozi, niliona mama ameacha kufunga boksi.

"Kila laini na kila kituo cha boda kitoe mtu mmoja," Mable alisema. "Siku tatu, ukumbi wa kanisa. Atakayepita anapewa mkoba wa huduma na jaketi ya kung'aa, na namba yake ya simu itapakwa rangi ukutani. Atakayeshindwa, mkoba wetu unakwenda kwa laini ya samaki."

Wanawake wakaguna. Hakuna aliyetaka kuanguka na kufufuliwa na laini ya samaki.

"Tupeleke mtu amesoma," mmoja akasema.

"Nakwenda mimi," mama akasema.

Mable akamtazama. "Mama Juliet, wewe uliachia darasa la ngapi?"

"La nne."

"Sasa utaandika nini huko?"

"Umesema huduma ya kwanza. Hujasema barua."

Walicheka, lakini mama hakukaa chini. Alisema, "Odwori alianguka kwangu, hakuanguka kwako." Mable akaandika jina lake.

Mwalimu alikuwa anaitwa Chrispinus, kijana wa upande wa Kenya anayefanya kazi na ambulansi. Kwa sababu tulikuwa Wasamia, Wateso, Wajopadhola na watu wa ng'ambo, kozi yote ilikuwa kwa Kiswahili, na kila mtu alikuja na Kiswahili chake. Mimi sikuwa kwenye orodha. Mama alimwambia, "Huyu ni binti yangu. Nikisahau, yeye anakumbuka." Chrispinus akamtazama Aanyu, Aanyu akamtazama, mwalimu akasema tukae nyuma, na mtoto akilia tutoke. Aanyu hakulia hata mara moja. Nafikiri naye alikuwa anataka kuona.

Chrispinus akafungua begi akatoa mtu wa plastiki. Alikuwa na kichwa na kiwiliwili tu, hana mikono, hana miguu.

"Huyu alipanda boda ya nani?" dereva mmoja wa boda akauliza.

"Ya kwako," mwenzake akamjibu.

Mwanamke wa laini ya samaki alivua leso yake akamfunika pale kiuno kinapoishia, akasema si vizuri kumwangalia hivyo, halafu tena ana sura ya mume wake wa kwanza, Ronald. Jina likabaki. Kufika saa sita hata Chrispinus alikuwa anasema, "Ronald amezimia," "Ronald hapumui."

Mimi sijawahi kusikiliza mtu kama nilivyomsikiliza Chrispinus siku hiyo. Alisema ukimkuta mtu chini, kwanza angalia kama wewe mwenyewe uko salama. Mguse mabega, muite kwa nguvu. Hajibu? Tuma mtu mmoja, kwa jina lake, apige simu, maana ukisema "mtu apige simu" hakuna atakayepiga. Weka shavu lako karibu na pua yake, uangalie kifua, usizidishe sekunde kumi. Kama hapumui vizuri, usimwage maji, usimvute miguu, usimpe kitu cha kunusa. Piga magoti, weka mikono katikati ya kifua, bonyeza kwa nguvu na kwa haraka. Mara thelathini, halafu pumzi mbili, halafu thelathini tena.

"Moyo wake umegoma," alisema. "Wewe ndiye moyo sasa. Ukipumzika, yeye hana kitu."

Mama alinyoosha mkono. "Na mwavuli?"

"Mwavuli, mathe?" akauliza, kwa lile neno la vijana wa Kenya la kumwita mama.

"Kama kuna jua. Mtu akimshikia mwavuli."

Chrispinus hakucheka. Nilimpenda kwa hilo. "Kivuli ni kizuri, mathe. Lakini kifua kwanza."

Mama akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa bei ambayo alikuwa anaijua.

Zamu zikaanza. Ronald ana kitu ndani ambacho kinalia tak ukibonyeza sawasawa. Wa boda walimbonyeza mpaka meza za ukumbi zikasikia. Wa samaki alimbonyeza. Tatizo lao lilikuwa kuhesabu. Wanafika kumi na saba wanarudi kumi na tano, wanaruka, mmoja alifika arobaini akiwa bado anaendelea kwa furaha.

Mama alipopiga magoti, alihesabu kwa sauti kwa namna yake, sita sita, akitaja namba ya mwisho ya kila mstari: moja mbili tatu nne tano sita, moja mbili tatu nne tano kumi na mbili, mpaka thelathini, akasimama pale pale.

"Umefanyaje hiyo?" Chrispinus akauliza.

"Thelathini ni trei," mama akasema. "Trei moja, pumzi mbili. Sasa hapo kuna kazi gani?"

Ukumbi wote ukashika. Kuanzia hapo hakuna aliyepotea tena. Ungesikia madereva wa boda wanaita "kumi na nane, ishirini na nne, trei!" Nilijisikia kama nimezaliwa na profesa.

Ila Ronald hakulia tak. Thelathini zote, kimya.

"Mathe, unampapasa," Chrispinus akasema. "Mbonyeze."

Mama akarudia. Kimya. Wa samaki akasema, "Anampima kama ni viza," na safari hii kicheko kilikuwa kirefu. Mama alijaribu mara nne. Mikono ile iliyokaa miaka kumi na tisa ikijifunza kutobonyeza ilikuwa inakataa kabisa. Ikifika kwenye kifua inasimama yenyewe. Chrispinus akamwambia kwa upole kwamba siku ya tatu kuna mtihani, na Ronald asipolia hawezi kumpitisha hata akihesabu kama benki.

Jioni ile nilimsindikiza nyumbani kwake. Alitandika mkeka nyuma ya nyumba, akavuta jiwe lake la kusagia, akaanza kusaga wimbi, yaani ulezi, ya uji wa Aanyu. Mama hapeleki wimbi mashineni, anasema inarudi na ladha ya mahindi ya watu. Mimi nilikuwa nanyonyesha, namwangalia tu bila kufikiri kitu. Magoti chini, viwiko vimenyooka, mgongo wote unakwenda na jiwe, unarudi, unakwenda. Wimbi ilikuwa inalia chini yake.

"Mama," nikasema. "Msage."

"Nani?"

"Ronald. Usimbonyeze, msage. Mikono hiyo hiyo ya sasa hivi."

Akasita na jiwe mkononi. Akajitazama viwiko kama ni vya mtu mwingine. Halafu akainuka, akaenda ndani, akarudi na gunia la maharagwe nusu, akalilaza kwenye mkeka, akapiga magoti. Mara ya kwanza alilisukuma mbele, likateleza. Nikamwambia ashuke chini, asiende mbele. Akashuka. Maharagwe yakalia krrr.

"Eeh," akasema.

Tulifanya trei nane. Aanyu alikuwa anacheka kila maharagwe yakilia, na mama kila Aanyu akicheka anabonyeza zaidi. Uji haukupikwa siku hiyo.

Asubuhi ya pili mama aliingia ukumbini na kwenda moja kwa moja kwa Ronald, hata kabla ya maombi. Tak, tak, tak. Wa boda walipiga makofi. Wa samaki alisema, "Leo umekula nini, Mama Juliet?" na mama akamjibu, "Si samaki." Mimi nilikuwa nataka kuruka, ila nina mtoto mgongoni.

Ndipo mume wangu akaingia mlangoni.

Mume wangu ni Edeku, Mteso wa Mella, anaendesha boda kituo cha pale karibu na mpaka. Hakuwa amechaguliwa. Mwenzao aliyechaguliwa alipata safari ya mbali, na kituo kikasema kimeshapoteza siku moja, hakitapoteza zote tatu, wakamsukuma Edeku bila kumuuliza wala kumwambia nani yuko ndani.

Kwetu Usamia, na kwao Uteso ni hivyo hivyo, mama mkwe na mkwe wake hawashikani mkono. Hawali meza moja, wala hawaitani kwa jina. Hawakai chumba kimoja wakitazamana. Wakisalimiana ni kwa mbali, macho chini, na neno likitaka kwenda linapitia kwa mtu wa katikati, ambaye ni mimi. Miaka minne ya ndoa yangu mama na Edeku hawajawahi kuzungumza. Si kwamba wanachukiana. Wanaheshimiana mpaka mimi nachoka.

Basi mama alipomwona, alichukua leso yake akatoka kwa mlango wa pembeni. Edeku alipomwona mama akitoka, naye aligeuka akatoka kwa mlango wa mbele. Chrispinus akabaki ameshika shingo ya Ronald.

"Nimesema nini?" akauliza.

Ukumbi wote ukamweleza kwa pamoja.

Mama alikuwa amesimama nje, dirishani, viwiko vyake juu ya kizingiti. Alisema anasikia vizuri kutoka pale, mwalimu aendelee. Edeku naye alikuwa dirisha la upande wa pili. Chrispinus akafundisha saa nzima akigeuza kichwa huku na huku kama feni.

Lakini kulaza mtu kwa ubavu huwezi kujifunzia dirishani. Hiyo ni ya mtu aliyezimia lakini anapumua: unamgeuza kwa upande, ili matapishi au ulimi usimzibe. Chrispinus alikuwa amewapanga watu wawili wawili, na kwa hesabu yake waliobaki walikuwa mama na Edeku.

"Hapana," mama akasema kutoka dirishani.

"Mathe, mimi naelewa. Mimi mwenyewe Mluhya. Lakini huyu kijana akianguka mbele yako na hakuna mtu mwingine?"

"Akianguka kweli nitamshika."

"Sasa si ni kitu kimoja?"

"Si kimoja. Akianguka kweli, hata mababu watanyamaza. Lakini nimshike na yeye ni mzima, tunacheza? Nitasema nini kwa watu?"

Ukumbi uligawanyika. Wa boda walisema mama ana haki. Mable, ambaye alikuwa amekuja kuchungulia kama laini yake inaaibika, alisema haki haina mkoba. Edeku kwa dirisha lake akasema, "Juliet, mwambie mama mimi naweza kuacha." Nikamwambia mama. Mama akasema, "Mwambie asiache. Boda ndizo zinaanguka kila siku." Nikamwambia Edeku.

Mwisho Chrispinus akaniuliza kama naweza kuwa mgonjwa. Nikampa wa samaki mtoto, nikalala sakafuni. Mama akarudi ndani, Edeku akiwa bado nje. Akanishika mkono akauweka shavuni mwangu, akakunja goti langu, akanivuta nikageuka. Akainua kidevu changu kidogo kwa vidole viwili ili nipumue. Nilifumba macho. Nilikuwa mtu mzima mwenye mtoto, na nilitamani asiniamshe.

Siku ya tatu ilikuwa ya mtihani. Chrispinus akasimama mbele.

"Wasee, sikilizeni. Mtihani ni wawili wawili. Mmoja anabonyeza dakika mbili, anamwachia mwenzake dakika mbili, na Ronald asipumzike katikati. Kila jozi ina nafasi mbili. Mkishindwa zote, mmeshindwa." Akasoma majina. Alipofika mwisho akasema, "Teopista na Edeku."

Ukumbi ukasema eeeh. Mama alikuwa ameshainuka nusu.

"Kaa, mathe. Sijasema mshikane. Mama mkwe wangu akipita barabara hii, mimi napita ile. Lakini hapa mtamshika Ronald. Ronald si mkwe wa mtu."

Mama akafikiri. Nilimwona anamtazama Ronald, ana leso ya mtu kiunoni, anatazama dari.

"Huyo ni kweli hana ukoo," akasema. "Lakini Baba Aanyu akae upande ule, mimi huu. Tusitazamane. Na nikiwa na neno, Juliet atapeleka."

Chrispinus akakubali haraka, kabla hajabadilisha.

Mama alianza vizuri mno. Viwiko sawa, mgongo unashuka, tak tak tak, sita, kumi na mbili, kumi na nane. Trei, pumzi mbili kupitia kiplastiki anachowekwa Ronald mdomoni, trei tena. Dakika mbili ni kama trei tano. Ya tano ilipoisha alikuwa anahema, na akasema bila kugeuka, "Juliet, mwambie Baba Aanyu aweke mikono."

"Baba Aanyu, mama anasema uweke mikono."

"Mwambie mama atoe ya kwake kwanza."

"Mama, anasema utoe ya kwako kwanza."

"Mwambie nimeshatoa."

"Baba Aanyu, anasema ameshatoa."

"Ronald amekufa," Chrispinus akasema, akiangalia saa yake. "Sekunde kumi na nane. Hamjakosea kubonyeza. Mmemuua kwa adabu."

Watu walicheka mpaka wengine wakashika ukuta. Wa samaki alimpangusa machozi Aanyu ambaye hakuwa na machozi. Mimi sikucheka, kwa sababu nilimwona mama. Alikuwa amebaki magotini, mikono yake imening'inia, anaangalia pale katikati ya kifua cha Ronald. Najua alikuwa anamwona nani. Nilisogea, nikasema, "Mama, nafasi imebaki moja."

"Wakisubiriana hivyo," akamuuliza Chrispinus, "mtu anaweza kufa kweli?"

"Wengi wanakufa hivyo, mathe. Watu wamejaa, kila mmoja anamngojea mwenzake."

Mama akafunga leso upya kichwani. Akajifuta viganja kwenye gauni. "Rudia," akasema.

Safari hii ukumbi haukucheka. Hata wa boda walikuwa wamesogea, wamechuchumaa mduara, ila Chrispinus akawarudisha nyuma, akasema mgonjwa anataka hewa. Mama akaanza. Trei ya kwanza. Ya pili. Watu wakaanza kuhesabu naye kwa chini, kumi na mbili, kumi na nane. Ya tatu jasho lilikuwa linadondoka kwenye leso ya Ronald. Ya nne tak ikawa inachelewa, nikamwambia, "Saga, mama, saga," naye akashusha mgongo wote, tak ikarudi. Ya tano. Sita. Kumi na mbili. Kumi na nane. Mimi nilikuwa nimefungua mdomo tayari kupeleka neno.

Mama akainua uso, akamtazama mume wangu machoni.

"Baba Aanyu," akasema, "mstari wa mwisho huu. Nikipuliza ya pili, weka."

Nilisahau kufunga mdomo. Edeku alikuwa kama mtu aliyeitwa na padri katikati ya misa. Lakini mikono yake ilikuja, ikasimama hewani juu ya kifua, imefungamana, inangoja.

"Nimesikia, mama."

Thelathini. Pumzi moja. Pumzi ya pili, mama akajivuta nyuma kama jiko limemchoma, na Edeku akashuka. Tak. Hawakugusana hata ukucha. Kati yao haikupita sekunde tatu.

Edeku sasa, akiwa na furaha ya kuitwa, akaanza kubonyeza kwa kasi ya ajabu, taktaktaktak, hata kifua cha Ronald hakipati nafasi ya kurudi juu.

"Polepole, Edeku," mama akasema. "Hiyo si barabara ya Tororo."

Alimwita kwa jina. Kwa jina lake kabisa. Mable alijishika mdomo kwa mikono yote miwili. Edeku akapunguza, akashika mwendo, na mama akamhesabia kutoka upande wake, trei baada ya trei, mpaka Chrispinus akasema basi.

Akaandika kitu kwenye karatasi yake. Akatuangalia. "Ronald anaishi," akasema.

Sijui kelele ilitoka wapi. Wa samaki alimwinua Aanyu juu mpaka nikaogopa. Mable alikuwa anamkumbatia mama na kumwambia kila mtu kwamba yeye ndiye alimchagua. Mama alikaa sakafuni, miguu amenyoosha, anapumua, anatabasamu peke yake. Edeku alikuwa ameshatoka nje. Baadaye kidogo mama akanivuta sikio.

"Juliet," akasema, "mwambie Baba Aanyu amefanya vizuri."

Nikatoka nikamwambia. Edeku akasema nimwambie mama asante.

Namba ya mama iko ukutani sasa, rangi nyekundu, chini ya maneno LAINI YA MAYAI. Mkoba umening'inia kibandani juu ya trei, na jaketi haivui hata jua likiwaka. Wiki ya tatu inaisha na hakuna mtu aliyeanguka. Ni jambo la kumshukuru Mungu, na mama anamshukuru, lakini nikimwangalia naona anawafuata wapakiaji kwa macho, mmoja mmoja, gunia kwa gunia. Anawasimamisha. "Wewe, umekunywa maji leo? Kunywa hapa nikuone." Wanakunywa. Wanaogopa wasipokunywa atawabonyeza.

Juzi, saa nane mchana, Ojulong, mpakiaji mmoja mnene, alikuwa amelala chali juu ya magunia, kofia usoni, mkono mmoja umening'inia. Mama alikuwa na mayai sita mikononi. Sikumwona akiyaweka. Niligeuka nikamkuta ameshapiga magoti juu ya gunia, amemshika bega, anamwita kwa sauti ambayo soko zima lilisikia, na mkono mwingine unanionyesha mimi kwa kidole, kwa jina, nipige simu.

Ojulong akafungua jicho moja.

"Mama Juliet, mimi nimelala tu."

Mama akabaki pale, shavu karibu na pua yake, akaangalia kifua chake kikipanda na kushuka, hakuzidisha sekunde kumi. Aliridhika.

"Basi lala kwa ubavu," akasema, na akamgeuza.